Muulize Nahodha: Nimehama ziwani, ninunue chombo gani cha tanga?

Shikamoo Nahodha,

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 61, mzaliwa wa Ukerewe. Maisha yangu yote nimeishi kandokando ya Ziwa Victoria, na tanga nililijua kabla sijaijua baiskeli. Marehemu baba alikuwa mvuvi. Hata nilipokuwa nafundisha, Jumamosi na Jumapili zangu zilikuwa za mtumbwi wangu wa mbao, futi 17, wenye tanga na mashine ndogo ya akiba. Mwezi wa tatu mwaka huu tumehamia Tanga, kwenye nyumba aliyoachiwa mke wangu na wazazi wake huku Sahare. Nikikaa barazani naiona bahari, na roho haitulii.

Sitaki uvuvi wala biashara ya abiria. Nataka chombo kidogo cha tanga cha kutembelea pwani: leo niende Ulenge, wiki ijayo Kigombe, nikalale Pangani siku mbili, nifike Maziwe, na Mungu akinijalia siku moja nivuke hadi Pemba. Mara nyingi nitakuwa peke yangu. Mara mojamoja nitakuwa na mke wangu, au wajukuu wakija likizo.

Akiba niliyoitenga ni milioni 15, na haiongezeki. Njia nilizonazo ni nne. Kuna boti ya faiba ya futi 22 inauzwa Dar es Salaam kwa milioni 14, ina chumba, vitanda viwili na jiko, na mkuku wake, ule uti wa chini ya chombo, unashuka mita 1.2 chini ya maji. Kuna jirani anayeuza ngalawa yake kwa milioni moja na laki nane. Kuna fundi anayesema atanichongea mashua mpya ya futi 20 kwa milioni 9, miezi minne, tanga si sehemu ya bei. Na kuna mtumbwi wangu mwenyewe uko Mwanza. Lori la kuuleta lipo.

Shemeji yangu ananisukuma kwenye faiba. Anasema mwalimu mzima nikipanda ngalawa nitakuwa nimemwaibisha mbele za watu. Mke wangu anasema yeye hapandi kitu kisicho na mashine wala kivuli. Wiki iliyopita nilikwenda Dar nikaiona hiyo boti ikielea, nyeupe, imetulia kama bata. Nakiri niliipenda. Mwenyewe anaondoka nchini mwisho wa mwezi ujao na anataka jibu.

Nishauri.

Mwalimu wa Ziwani, Sahare, Tanga


Marahaba, Mwalimu, na karibu kwenye maji ya chumvi.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta neno moja, sikuliona. Umenieleza futi, bei, vitanda, jiko na aibu za shemeji. Hukunieleza chombo kitalala wapi, wala kitakaa juu ya nini maji yakipwa. Sikulaumu. Ziwani ukifunga mtumbwi jioni, asubuhi unaukuta ulipouacha, na maji ni yale yale. Huku siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hufanya hivyo mara mbili kwa siku. Boti uliyoiona Dar uliiona ikiwa imefungwa kwenye kina. Mimi ningependa uione Sahare, saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi kuandama.

Nenda kasimame ufukweni kwenu saa hiyo kabla hujampa mtu jibu. Utaona tope na mizizi ya mikoko mahali ambapo jana yake jioni uliona bahari, na ngalawa za watu zimekaa juu ya tope zimetulia, hazina habari. Huo ndio utaratibu wa pwani yetu: mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne, saa tano. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, saa hizo hugeuka, ila maji hayaendi mbali. Ukilijua hilo, utajua kwa nini wazee wa hapa wakikuuliza unasafiri lini hawakuulizi tarehe, wanakuuliza mwezi ngapi.

Sasa chukua boti yenye mkuku wa mita 1.2, mwembamba kama ubapa wa kisu na mzito wa risasi au chuma, uiweke pale. Maji yakitoka italala ubavu. Nalijua hilo kwa sababu niliwahi kulala nayo. Miaka mingi iliyopita nilinunua boti ya namna hiyo kwa mtu aliyeisifia kupita binti yake. Safari ya tatu nikatia nanga kaskazini ya Tanga, nyuma ya kisiwa, kwenye pima mbili za maji, bahari imelala kama mafuta. Nikala samaki wangu, nikalala. Saa saba usiku sufuria ikanidondokea kifuani. Saa nane nilikuwa nimekaa juu ya ukuta, na sakafu imekuwa ukuta. Nikajipa moyo: maji yatarudi, itanyanyuka yenyewe. Maji yalirudi kweli, lakini yaliingia mlangoni kabla boti haijanyanyuka. Godoro, betri, redio, unga, vyote vikaogelea. Hadi leo mke wangu akiona sufuria imekaa ukingoni mwa rafu ananitazama mimi.

Shemeji atasema uitie magadi, zile nguzo za kuishikilia isilale. Magadi ni mazuri kwenye mchanga mgumu. Kwenye tope la mikoko gadi moja huzama zaidi ya lenzake, na chombo huanguka kwa kishindo kuliko kingelala chenyewe. Atasema basi uifunge kwenye kina, upande wa Ras Kazone. Inawezekana, watu hufanya. Lakini hapo utahitaji kihori cha kukupeleka kwenye boti, mlinzi wa usiku, na miguu ya kwenda kuitazama kila kusi, upepo wa kusini, likichafuka. Chombo usichokiona kutoka barazani kwako utakitembelea kama mgonjwa, na kwenye akiba yako utakuwa umebakiwa na milioni moja ya kumtibia. Matanga yake huwezi kuyashona kwa fundi wa Ngamiani, yanaagizwa.

Kama moyo wako umekwama kwenye faiba, tafuta yenye mikuku miwili mifupi, mmoja kila upande, au yenye mkuku wa kupandisha na kushusha. Waingereza, ambao bandari zao nyingi ndogo nazo hukauka, wamezitengeneza kwa wingi, na maji yakipwa hukaa wima kama kiti. Huku kwetu huzipati kila siku. Ile ya Dar mwache mwenyewe aondoke salama.

Mtumbwi wako wa ziwani uuze huko huko. Najua una kumbukumbu, lakini misumari yake haikuchaguliwa kwa ajili ya chumvi, na mbao zake hazijawahi kukutana na mdudu wa baharini, yule anayetoboa tundu dogo kama la sindano kwa nje na kula ndani akaacha nyumba ya vyumba ishirini. Ungeuleta mwezi wa nane, Krismasi ungekuwa unafua maji, kuyachota na kuyamwaga nje, kuliko kusafiri. Pesa yake ndiyo itakayokununulia mashine ya mama, mkeo.

Ngalawa inanipa tabu kuikataa. Kwa pwani hii sijui chombo kilichofikiriwa vizuri zaidi: gogo la mwembe, mirengu miwili ya ubavuni ya kuizuia isipinduke, tanga moja. Kwenye maji ya magotini inapita, maji yakipwa inakaa, na upepo ukiwa wa ubavuni hakuna boti ya faiba ya ukubwa wake itakayoiacha. Aibu ya shemeji haina nafasi hapa, mwambie mimi nimesema. Shida ni foromali. Tanga letu limefungwa kwenye mti huo, mrefu kuliko mlingoti wenyewe, na ukitaka kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kupinda huku na huku, huligeuzi kwa kusukuma usukani tu. Unaliachia, unalipitisha foromali mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, unahamisha kamba, huku chombo kikiyumba na upepo ukilivuta tanga kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Vijana wawili hulifanya wakicheka. Mtu mmoja wa miaka 61, bahari ya mwezi wa saba, atalifanya mara tano vizuri na mara ya sita ataingia majini, na ngalawa haitamngoja. Isitoshe hukalii ndani, unakalia juu, na maji yanakurukia toka unatoka hadi unarudi. Wajukuu watapenda. Mama, sidhani.

Kwa hiyo usiinunue, lakini ipande. Kusi ndiyo kwanza limeshika nguvu. Mpaka lipoe una miezi mitatu ya kujifunza bila kumiliki chochote. Mwendee huyo jirani, umwombe akuchukue kama baharia wake, mlipane kwa siku. Yeye ashike usukani, wewe ufue maji. Mtoto wa mvuvi wa Ukerewe anayekubali kufua maji ya mtu mwingine atajifunza mwamba uko wapi, fungu la mchanga liko wapi na mlango wa kutokea uko wapi kwa bei ndogo kuliko ya ramani. Angalia pia anavyotoka. Wavuvi wa hapa huondoka alfajiri kwa umande, ule upepo wa nchi kavu, na hurudi mchana na upepo wa bahari. Anayeondoka saa tatu kwa sababu ndio kwanza amemaliza chai hurudi usiku.

Chombo chako ni mashua, lakini si ile aliyokutajia fundi. Fundi hukutajia futi 20 kwa sababu amezoea wateja wanaobeba mzigo. Wewe hubebi kitu ila mwili wako na chungu cha wali. Mwambie futi 18. Kwenye chombo cha mbao futi mbili si kidogo: mbao zinapungua, tanga linapungua, foromali linapungua, na mtu mmoja anaweza kukisukuma kikikwama. Mwambie akifanye kipana tumboni, na mkuku uwe mfupi kwenda chini lakini ulionyooka toka omo, mbele, hadi tezi, nyuma, ili maji yakipwa kiegemee kidogo tu, si kulala. Kilichojengwa hivyo hakihitaji hata sentimita 70 za maji, nawe utaingia kwenye vijito vya mikoko ambavyo ile boti nyeupe ingeviona kwa darubini. Tezi iwe ya mraba, kama mashua zilivyo, maana hapo ndipo mashine itafungwa. Akikuchongea iliyochongoka nyuma kama dau utakuja kutafuta namna ya kutundika mashine ubavuni, na kila wimbi litakucheka.

Kwenye mbao usimbane sana kwa bei. Mvule ukipatikana ni mvule; mtiki pia utakuzika wewe. Mataruma, mbavu za chombo, yawe ya miti iliyojipinda yenyewe porini, si mbao iliyokatwa kwa msumeno ikapindishwa, kwa sababu taruma la kukatwa hupasuka kwenye kona. Misumari iwe iliyochovywa zinki, na umwone akiipiga. Mlipe kwa mafungu: mkuku ukilazwa, mataruma yakisimama, mbao zikifika juu, kalafati, kuziba nyufa za mbao, ikiisha. Fungu la mwisho libaki mfukoni mpaka chombo kimekaa majini siku tatu. Kitavuja siku ya kwanza, usimgombeze; mbao zinakunywa maji na kuvimba. Kikivuja vile vile siku ya tatu, hapo sasa gombeza.

Chini ya mstari wa maji paka shahamu, mafuta ya mnyama, na chokaa kama walivyopaka babu zetu, au rangi ya dukani ukiwa na uwezo. Na hapa ndipo kule kupwa nilikokutishia kunapogeuka kuwa rafiki. Kila bamvua unakipandisha chombo mchangani, maji yanaondoka, unakuwa na saa kadhaa za kukwangua magamba, kuchungulia matundu ya yule mdudu, kuchoma makuti chini yake kidogo kidogo ili moto umfukuze, na kupaka upya. Saa kumi jioni bahari inakuja kukichukua. Mwenye boti ya mkuku mrefu analipia winchi kwa kazi hiyo hiyo.

Tanga shona mawili. Tanga letu halikunjwi nusu kirahisi upepo ukizidi. Mabaharia wa zamani walibeba kubwa la kaskazi, upepo wa kaskazini, na dogo la kusi, na wewe fanya hivyo hivyo. Foromali liwe fupi kuliko atakavyopenda fundi. Atakwambia chombo kitakuwa kizito kwenda. Mwambie huna miadi. Farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, usitumie mawe. Jaza madumu ya maji ya kunywa, uyafunge imara sakafuni kwenye ngama, chini kabisa ya chombo. Ukikwama unayamwaga chombo kinapanda, na ukichelewa baharini unayanywa.

Nanga beba mbili. Ya makucha manne kwa miamba, uifunge kamba ya kuivutia kwa nyuma, la sivyo utaiachia matumbawe. Ile baura ya makucha mawili ni ya tope na mchanga. Dira, redio ya VHF iliyo kwenye chaneli 16, jaketi okozi kwa kila kichwa pamoja na cha mjukuu mdogo, kwa kipimo chake. TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, watakikagua na kukupa cheti. Wafuate kabla chombo hakijaoga, maana wakikuta kimekosa kitu ni rahisi kuongeza kikiwa juu ya magadi. Ukija kwenda Pemba utakuwa umeingia kwenye mamlaka nyingine ya bahari, ya Zanzibar, nao wana karatasi zao. Na kwa kuwa kuanzia 2009 sehemu kubwa ya pwani yenu ni hifadhi ya bahari, ile ya silikanti, samaki wa kale, uliza ada na mahali panapokatazwa kutia nanga kabla hujazoea vibaya.

Nikija kwenye safari zako: Ulenge na Kigombe ni za mwaka huu. Kigombe utakwenda na umande alfajiri, kwa kuwa iko kusini, na kusini huku ndiko kugumu. Mkondo wa pwani yetu hukimbilia kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi upepo nao unausukuma. Ukienda Pangani mwezi wa saba unapanda ngazi inayoshuka. Ngoja kaskazi, Desemba hadi Machi, uende unaburudika, ila kumbuka upepo utakuwa unakutana uso kwa uso na mkondo na bahari itakuwa na vijiwimbi vya kukera. Mdomo wa mto Pangani una mafungu ya mchanga. Ingia maji yakiwa yanajaa, usiingie yakitoka.

Maziwe nenda, ila usibebe hema. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Miti imekwisha yote, limebaki fungu la mchanga, na maji makubwa yakija hulifunika. Nimewaona watu wamewasha moto pale wanachoma samaki, saa mbili baadaye wanamtafuta samaki.

Pemba iache mwaka wa kwanza wote. Kutoka Tanga hadi Wete, mji wa huko Pemba, ni zaidi ya maili 30 za bahari, kina ni kirefu mno kwa nanga yako, na katikati mkondo una nguvu kuliko mashine ndogo. Anayelenga Wete moja kwa moja kutoka Tanga wakati wa kusi huweza kuiona Pemba ikipita mkono wa kulia. Wanaojua huanzia chini zaidi, Pangani au kusini yake, ili mkondo uwabebe kuelekea kisiwa na upepo uwe wa ubavuni badala ya usoni. Utakwenda, lakini mara ya kwanza nenda na jirani yako mwenye ngalawa, safari hii wewe ukiwa nahodha na yeye akifua maji.

Kabla hujamwendea fundi nifanyie kazi moja ya kiualimu. Chomeka mti ufukweni hapo Sahare mahali utakapofunga chombo, uutie alama kila nusu mita, uandike maji yalipofika juu na chini kwa bamvua mbili mfululizo. Peleka daftari kwa fundi badala ya kumpelekea picha ya boti kutoka kwenye simu.

Naye mama mwambie nimempa kura. Mashine ya nguvu farasi 8 inatosha, na chandalua ya kivuli ifungwe tezi, ya kukunjwa, ili isishindane na tanga. Fundi akipima urefu wa chandalua, mama awepo na akae chini pale pale kwenye mbao, apimiwe kichwa. Wapo wanaopimia wakiwa wamesimama nje ya chombo, halafu safari nzima mwenye shuka la kichwani anainama.